Zamu ya Hondohondo

"Sogea kidogo, unanizibia upepo," mke wa Hondohondo alimwambia angani, naye akasogea bila kugeuka, macho ameyakazia kitone cha mbali. Kitone kilikuwa tai mpita njia. Kipanga alitokea nyuma, chini kwa chini, akamchukua mke.

Nguchiro, waliochimba mchwa kwa kutegemea ulinzi wa Hondohondo na mkewe, walikuja kumpa pole.

"Mzee, pumzika. Tutatafuta mwenye macho makali."

"Yangu ni makali. Jicho likikazwa hufika mbali, ila upande mmoja tu. Sasa nitazunguka kwanza, nikaze kidogo, kisha nizunguke tena."

"Ungezunguka jana, shemeji angekuwapo," mmoja alifyatuka.

"Ndiyo. Ndiyo maana siachi zamu."

Jioni Kipanga alisubiri mpaka Hondohondo alipokikodolea macho kilima, akaja tena kwa nyuma. Hondohondo alikuwa ameshageuka. Alipiga ukelele, nguchiro wote wakaingia shimoni, na Kipanga akaambulia vumbi.

Nguchiro walishangilia mpaka usingizi ukawachukua. Asubuhi iliyofuata, kabla hawajaamka, Hondohondo alipaa juu kuliko siku zote, peke yake, akaanza kuzunguka.