Mji wa Raya

Mwanaidi alibisha hodi ofisi zote akitafuta wa kumsomesha bintiye Raya, mtoto mwenye akili kali kama wembe. Mfadhili akapatikana: shule bora, vitabu, maabara, vyote bure. Ila siku hizi majibu ya mtoto wa kipaji, popote ayatoapo, ni mali ya mfadhili wake, na kipuli alichovishwa sikioni husikiliza.

Jioni, bibi yake Raya akatega kama kawaida.

"Kitendawili!"

"Tega," Raya akaitika kinyonge.

"Nyumba yangu haina mlango."

Raya akagusa kipuli. "Nimeshindwa, bibi. Nakupa mji."

"Umeshindwa nini!" Mwanaidi akafoka. "Hicho ulikitegua hujaota magego! Sema!"

"Jibu ni mali yao; nikilitoa bure nafukuzwa shule, mama. Si ulitia sahihi mkataba wao wewe?"

Mwanaidi akanyanyua mkono akakinyofoe kile kipuli, lakini mkono ukaishia hewani. Kesho nani angemsomesha?

"Haya, mji gani huo?" bibi akauliza, hana habari.

Raya akamkazia mama yake macho.

"Huu huu wetu, bibi. Uchukue, na mama umchukue."