Msimbo Uliofutwa

Siku hizi gari likipimwa, sheria inataka na dereva apimwe kwa mashine ileile. Mume wangu Makame, fundi wetu wa siku zote, alikuwa safarini, nikaenda kwa fundi Riziki.

Akachomeka waya kwenye injini. "Dada, plagi moja imekufa. Kuna mtu anafuta tu msimbo wa hitilafu ili taa isiwake."

Akahamishia waya kwenye tundu la kupimia, lililo mkononi mwangu kama kwa kila dereva. Akashika mdomo.

"Na moyo wako pia, dada. Unaumwa, na msimbo umefutwa mara chungu nzima!"

Akaurudisha ule msimbo. Taa nyekundu nisiyowahi kuiona ikawaka kwenye ngozi yangu.

Simu ikalia. Makame.

"Nimeona kwenye simu yangu taa yako imewaka, mke wangu. Tulia hapohapo. Nakuja kuizima."