Ngazi ya Darini

Mwanaidi alichota udongo kwa viganja viwili, akaubamiza ukutani, akausawazisha. Tangu asubuhi alikuwa akikandika chumba cha ndani, na sasa mikono yake ilikuwa imefika mwisho wa kufika. Kilichobaki ni kipande cha juu, pale ukuta unapokutana na dari ya miti. Hapo hapafikiki bila ngazi.

Aliitazama ngazi. Ilikuwa imeegemea mahali pake pa siku zote, vidato saba. Tangu aje kutoka Korogwe hakuwahi kukanyaga hata kimoja.

"Hiyo haitakubeba, mwanangu," baba yake, mzee Sadala, alimwambia siku ya kwanza, kwa upole. Basi kila mara mbegu zilipotaka kuangaliwa huko darini, alipanda mwenyewe na goti lake bovu, akiguna kila kidato. Mwanaidi aligeuka pembeni asimwone. Mzee mzima anateseka kwa sababu binti ni mzito.

Mama yake alipofariki, Mwanaidi alitoka Korogwe kwa shangazi yake, mkaanga vitumbua, akaja kumpikia baba katika kijiji hiki kipya cha ujamaa, upande wa Handeni. Alikuwa na miaka kumi na mitano na kilo themanini na tatu. Ulikuwa mwaka uleule mvua ilipogoma. Watu walikula ndiga, viazi vya porini vinavyochemshwa mara tatu ili sumu itoke, huku wakingoja unga wa njano wa msaada. Na aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala la unga huo ni Sadala.

Watu wakajumlisha wenyewe. Watoto walimbandika binti jina, wakamwita Ghala. Siku moja kwenye foleni, jirani yao Mashavu alisema taratibu, kama anayezungumza na kapu lake:

"Jua ni hilihili. Sisi linatukausha, wenzetu linawaumua kama maandazi."

Watu walicheka kicheko kisicho na nguvu. Mwanaidi aliangalia mchanga. Aliona mwili wake umegeuka shahidi wa uongo, unamsingizia baba yake mbele ya kijiji kizima.

Ndipo alipokwenda zahanati. Muuguzi Yuditha, Msambaa asiye na maneno mengi, alimpima, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza na katazo.

"Sikutumi ushinde na njaa, mdogo wangu. Njaa tunayo ya kutosha hapa."

Alimwambia ale mara tatu kwa siku. Ugali usizidi ngumi zake mbili, mboga za mchunga na mlenda ajaze atakavyo, chai anywe bila sukari, na shamba la kijiji aende kwa miguu, asidandie trekta. Asitazamie miujiza, kilo moja au mbili kwa mwezi zinatosha.

Mwanaidi aliushika utaratibu ule kama sala. Kazi ngumu ilikuwa ya jioni. Akiusogeza ugali kando, baba aliurudisha mbele yake.

"Kula, mwanangu. Habari za kesho niachie mimi."

Aliona ni huruma ya mzazi anayejinyima, akazidi kubakiza.

Miezi ikapita. Sabini na tisa, sabini na tano, sabini. Kanga iliyokuwa ikimzunguka kwa shida sasa ilibaki na ncha ya kufungia. Jina la Ghala likafifia vinywani. Wiki iliyopita, mtu alipozusha tena mkutanoni habari za unga, Mashavu ndiye aliyesimama. Alisema wamtazame binti wa Sadala, amepungua kama walivyopungua wa kwao. Basi wamwombe radhi mzee wa watu. Wakamwomba, mmoja mmoja. Sadala alitikisa kichwa tu, macho chini, na Mwanaidi akampenda zaidi kwa unyenyekevu ule.

Asubuhi ya leo Mashavu alikuja mwenyewe mlangoni na kibakuli cha ndiga, mtoto wake mdogo mgongoni, shingo imelegea.

"Tulikukosea, mwanangu. Pokea, ni kidogo tulichonacho."

Alipokea kwa mikono miwili, akaenda kulia jikoni. Kisha akakanyaga udongo, akaanza kukandika. Baba alikuwa ameitwa kikaoni Chanika, Handeni mjini. Akirudi, akute chumba kimekwisha mpaka juu.

Alikaza kiunoni gunia tupu la unga wa msaada alilojifunga kuzuia matope, lenye maandishi ya buluu, akashika ngazi. Kidato cha kwanza alikikanyaga kwa ncha ya mguu, pumzi ameizuia. Hakikulia. Cha pili vilevile. Kufika cha saba alikuwa akicheka peke yake. Ngazi ilikuwa imara; ingembeba hata yule Mwanaidi wa kilo themanini na tatu, na mzigo kichwani.

Jamvi la mbegu lilikuwa karibu mno na ukuta. Alilivuta kando, udongo usije ukalidondokea.

Chini ya jamvi, yamepangwa safi mpaka mwisho wa dari, yalilala magunia yaliyojaa, yenye maandishi ya buluu.

Jua lilikuwa linazama Sadala aliporudi. Alimkuta binti yake uani akinawa, udongo uliobaki ameufunika kwa gunia tupu ili usikauke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alichungulia ndani. "Mbona kule juu bado?"

Mwanaidi aliendelea kusugua vidole.

"Ngazi haikunibeba, baba. Nitamalizia kesho."