Programu ya Kifungua Mimba

Mkunga mstaafu alikuwa ameshika kipanya, tayari kubonyeza neno "Ondoa", fundi wa kompyuta alipomzuia.

"Subiri kwanza, Bibi. Hiki si kirusi cha kawaida."

Akamweleza kwamba programu hiyo ilinakili kila herufi aliyoichapa na kumpelekea mtu mwingine. Leo asubuhi mtu huyo alikuwa amezisoma zote.

"Ni nani huyo asiye na haya?"

Fundi alikohoa, akamwonyesha anwani ya barua pepe. Ilikuwa ya kifungua mimba wa mkunga, aliyemnunulia kompyuta hiyo. Mwaka wa pili sasa mtoto huyo hakuwa akipokea simu za mama yake, tangu mama alipokataa kuhamia kwake.

"Basi niiondoe, Bibi?"

Kidole kilikuwa bado juu ya kipanya, kifundo chake kimevimba kwa baridi yabisi. Kisha kikainuka.

"Nifungulie ukurasa mtupu."

Alichapa herufi mojamoja, kwa kidole hicho hicho: "Mwanangu, kama una nafasi ya kunichungulia, unayo ya kunipigia simu. Nimekukumbuka mpaka nimekonda."

Akaitazama sentensi ya mwisho kwa muda mrefu. Akaifuta yote, na mahali pake akaandika: "Mimi ni mzima".

Fundi aliinamisha kichwa. "Bibi, programu hii hunasa hata maneno yaliyofutwa. Atayaona."

"Nilikusikia uliposema kila herufi," mkunga alijibu, akaweka nukta.