Salamu ya Kakakuona

Zamani, wanyama walipokuwa wakipigana kwa ratiba, Nyegere alipanga somo la kwanza la karate: salamu moja, mateke kumi na mawili. Akawahesabu wanafunzi wake. Wanafunzi wakitoroka leo, darasa limekufa.

"Inameni!"

Kakakuona akainama, akajiviringisha, akawa mpira wa magamba.

"Bwana wee, salamu imetosha! Inuka!"

"Naogopa mateke, mwalimu," mpira ukajibu.

Nyegere akambembeleza, akamvuta, mwisho akampiga kiteke kidogo cha upendo.

"Mama yangu, mguu!"

Wanafunzi wakaangua kicheko, woga ukawatoka. Nyegere, akichechemea, akafuta mateke yote. "Somo la leo ni kujikinga. Mwalimu Kakakuona, endelea!"

Mpaka leo darasa hilo halijafikia teke la kwanza, na hakuna aliyeacha.