Godoro Lisilotikisika

Raafat aliweka glasi ya chai katikati ya godoro, akavua viatu, akajitupa pembeni. Chai haikutikisika.

"Umeona, Hajati? Haji akijigeuza usiku kucha, wewe hujui."

Bi Wajida hakufurahi. Aliuliza kama hakuna la springi za zamani, lile linalolia mtu akisogeza hata kidole.

Tangu afungue duka lake pale Shubra, Raafat hakuwahi kuulizwa hivyo. Alimgeukia Haji Shauki, aliyejilaza kwenye godoro la jirani, mikono kifuani kama pasha. Mzee akacheka. Akasema la nyumbani limebonyea mpaka mgongo wa mkewe umepinda, na bado analililia. Wivu umemwanzia uzeeni. Analala jicho moja wazi kama mlinzi wa benki.

"Unamchunga wa nini, Hajati?" Raafat akatania. "Kwa magoti haya atafika kwa mke gani?"

Bi Wajida akacheka nao, maana ilibidi acheke. Mumewe alikuwa amenyoa, ananukia, na kila aliyeingia dukani alimsalimu kwa jina. Mtaa mzima ulimjua hivyo. Angesema nini mbele yao?

Akalala ubavu, akamwomba mumewe ageuke. Hakuhisi kitu. Akajaribu godoro la tatu, na la nne, akifumba macho na kutega sikio. Yote yalikuwa mazuri. Yote yalikuwa kimya.

"Tunachukua lile la kwanza," Haji akaamua. "Mwaka mzima mama watoto hajalala. Nataka alale. Na tufanye haraka, njiwa wangu wanangoja mtama."

Bi Wajida akamtazama usoni, kisha akafungua pochi alipe.

Vijana wa duka walilipandisha godoro hadi ghorofa ya tano, ya mwisho, ambako juu yake nondo zilikuwa bado zinamngoja mwana wao arudi kutoka Kuwait aendeleze ujenzi. Bi Wajida aliwasihi wamwachie lile kuukuu, hata kama litasimama ukumbini. Haji akawaambia wasimsikilize, akalisukuma mwenyewe mpaka kwenye ngazi.

Usiku, alipopanda kitandani, Bi Wajida aliuingiza ufunguo wa mlango wa nyumba chini ya mto wake, mahali pake pa siku zote, akajiapiza kutosinzia. Lakini godoro liliupokea mgongo wake kama mikono ya mama.

Aliamka alfajiri, mwepesi, bila maumivu hata kidogo. Upande wa mumewe ulikuwa baridi. Chini ya mto hakukuwa na ufunguo. Na huko juu, kwenye paa lisilo na ukuta, sauti ya Haji ilikuwa ikiwaita kwa majina njiwa waliouzwa miaka mitatu nyuma, ikisogea taratibu kuelekea upande wa barabara.