Sauti ya Upande wa Shimo

Jumatatu, tarehe tisa Juni. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu mzito uliomeza mabanda yote ukabakiza mapaa.

Sauti ya shimoni ililia tena.

Nyumba za wafanyakazi zilipangana mstari mmoja nyuma ya shamba. Katika ile ya mwisho, iliyopakana na shimo, aliishi mchanjaji wa nguruwe, mjane asiyekosa sala ya asubuhi. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda kilio kilipoanza. Hakunyanyuka. Aliongeza sauti ya sala yake mpaka ikakifunika.

Jirani aliyekuwa akipita na ndoo alisimama dirishani.

"Mama, umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Mwanzoni ilikuwa nyembamba kama ya kitoto. Sasa imekuwa nzito. Kwani wafu nao wanakua?"

Mchanjaji alirudia sala yake, kwa sauti kubwa zaidi. Jirani akaharakisha, maji yakimwagika njia nzima.

Kila mtu alijua ilikotoka sauti ile. Miezi minne nyuma, homa ya virusi iliingia shambani kabla chanjo haijafika. Nguruwe wote, wagonjwa kwa wazima, waliuawa na kufukiwa katika shimo moja. Wengi wao mchanjaji alikuwa amewapokea kwa mikono yake walipozaliwa. Siku hiyo alijitupa shimoni akilia, na msimamizi ndiye aliyemvuta nje, matope hadi shingoni, koti lake amelikumbatia kifuani, hataki mtu aliguse. Watu walimhurumia. Tangu hapo sauti ikaanza, naye akawa anamwaga dawa ya kuua vijidudu kizingitini asubuhi na jioni, kama mtu anayezuia kitu kisivuke.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja majuzi kukaa naye na kutafuta kazi. Huyo hakuogopa sauti wala shimo. Yeye alicheka tu.

"Wifi, humu ndani tuko wawili. Hayo makombo unayokusanya kwa majirani ni ya nini? Unalisha mizimu?"

"Naenda kuyamwaga."

"Na stoo, mbona haifunguliwi?"

"Vitu vya kaka yako vimo humo. Bado sijaweza." Akaushika ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa uzi.

Wifi akarudi kuosha vyombo. Kwa kaka yake hakuwa na mzaha.

Leo shamba lilikuwa linafunguliwa upya. Nguruwe wapya walishushwa jana, na asubuhi hii wangechanjwa wote. Watu waliokaa muda wote huo bila kazi walianza kujipanga langoni mapema, na wifi naye alikuwa ameahidiwa kazi ya kufagia. Mchanjaji alioga mbiombio, akavaa, akatoka.

"Wifi, tutachelewa!"

"Tangulia, nakufuata!"

Alichukua boksi la barafu lenye chupa za chanjo katika ofisi ya nje, akaja nalo langoni. Hapo ndipo alipopapasa shingo yake. Uzi haukuwepo. Aliuona kwa macho ya moyoni, umelala ukingoni mwa beseni alipouacha wakati wa kuoga. Ee Mungu wangu, alisema kimoyomoyo.

Msimamizi, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Mzee Sabuni, alipanda juu ya kreti.

"Sikilizeni. Chanjo ya leo haiwalindi leo. Inataka siku kadhaa kufanya kazi mwilini. Mpaka hapo, kinga ya hawa nguruwe ni sabuni na ukweli wetu. Nguruwe aliyepona ile homa anaweza akanenepa, akaonekana mzima, kumbe bado ameibeba. Mmoja wenu akiwa na nguruwe nyumbani, atatuletea homa humu kwa mikono yake, na sote tutarudi shimoni. Safari hii mwenye shamba hatafungua tena. Kwa hiyo kila mtu ataapa mbele ya wenzake, ndipo aingie kuoga na kubadili nguo."

Dereva wa trekta alianza. "Nyumbani kwangu hakuna nguruwe, ila shemeji yangu akilala anakoroma kama mmoja."

Watu waliangua kicheko.

"Rudia bila mzaha," alisema Mzee Sabuni. Dereva akarudia, kofia mkononi.

Mmoja baada ya mwingine waliapa. Mstari ulipokuwa umebakiza watu wachache, wifi alifika akihema, nguo zimelowa manyunyu, akajipenyeza nyuma ya mchanjaji. Hakucheka. Mkono wake wa baridi uliutafuta mkono wa mwenzake, ukaacha kitu kidogo kiganjani. Ufunguo.

Mchanjaji hakugeuka.

"Haya, mama." Sauti ya Mzee Sabuni ililainika. "Wewe nilikutoa kule shimoni kwa mikono yangu hii. Hata usipoapa tunakujua. Lakini sheria ni sheria."

Watu wakampisha. Jirani wa ndoo alimtikisia kichwa kwa upole, kama mtu anayemtia moyo mfiwa.

Kabla hajapiga hatua, mdomo wa wifi ulisogea sikioni mwake.

"Nimempa makombo yote," alinong'ona. "Kanyamaza. Kalala juu ya koti lako."

Mchanjaji aliliweka chini boksi la chanjo. Akainua mkono wa kulia, ngumi imeufumba ufunguo.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mabandani, "nyumbani kwangu hakuna nguruwe, wala hatakuwepo."